Mouzaoir Asimamishwa Aseme

Haya ninayoyaandika aliniambia Mouzaoir mwenyewe, mwezi wa Shaabani uliopita, tulipokaa barazani kwake Moroni kumngoja fundi wa kuziba paa. Fundi hakuja siku ile. Angekuja, pengine nisingeyajua haya mpaka leo, maana Mouzaoir si mtu wa mazungumzo. Alisema akitazama vidole vya miguu yake, neno moja moja, nami sikumharakisha.

Aliyekosa kipande cha wiki iliyopita nitamsogezea kidogo. Mambo haya ni ya zama za mamluki, wale wazungu wa kukodiwa walioingia visiwani mwaka sabini na nane na bunduki zao, wakakaa. Mouzaoir alikuwa mshona kofia. Mjomba wake, Hachim, alikuwa anawaongoza kwenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kumposea Charif, mdogo wake Mouzaoir. Wakiwa gatini Moroni, chombo kiko tayari kuondoka, wakaja vijana wawili wa kambi ya mamluki wakamshusha mjomba. Kosa lake ni maneno aliyoyasema uwanjani mbele za watu.

Mjomba hakubishana nao. Alivua mharuma wake akampa Mouzaoir.

"Nishikie," alisema. "Nanyi nendeni. Msinirudie bila jibu."

Mharuma ni shali ya heshima, hukaa begani. Kwetu Ngazidja haivaliwi na kila mwenye uwezo wa kuinunua. Huvaliwa na mwanamume aliyefanya anda, ndoa kubwa ile ya kulisha mji mzima. Akishaifanya ndipo huitwa mtu mzima, na ndipo husimama uwanjani akasema, watu wakamsikiliza. Asiyeifanya, hata awe na mvi kichwa kizima, ni mtoto wa mji. Hubeba masinia, hutandika mikeka, hunyamaza.

Mouzaoir alikuwa amepita miaka arobaini na hajaifanya. Wengine walimwita bahili. Wengine walisema hana kitu. Kweli yake aliniambia siku ile barazani: alikuwa anaogopa. Si gharama aliyoiogopa. Aliogopa kwamba akishaifanya atasimamishwa aseme.

"Nikiona macho mengi yananitazama," aliniambia, "ulimi unakuwa kama umetiwa na mtu mwingine kinywani mwangu."

Basi mtu huyo ndiye aliyekuwa amepakata mharuma wa mjomba wake, chombo kinakwenda Mutsamudu.

Walifika asubuhi, bahari imewachapa njia nzima. Shati la Mouzaoir lilikuwa limelowa, limemganda mgongoni, na meno yanagongana.

"Funika kifua hicho," akamwambia Zoubeda, dada yake mkubwa. "Ukishikwa na homa atakuuguza nani? Mimi?"

"Nijifunike nini, dada?"

"Shali hiyo uliyoikumbatia kama mtoto mchanga."

Zoubeda alikulia Majunga, ng'ambo ya bahari, kwa baba yake mdogo. Aliletwa Moroni na ndege mwaka sabini na saba pamoja na wenziwe waliookoka watu wetu walipouawa kule, hana hata kanga ya pili. Mambo ya nani avae nini hakukua nayo. Kwake shali ni shali. Aliikunjua akamtupia mdogo wake begani, naye kwa baridi ile hakuitoa.

Gatini makuli walikuwa wanashusha saruji. Kando yao alisimama Mouridi, baba wa yule msichana Moinahalima, muuza vitambaa, pamoja na wazee wa mtaa wake. Walikuja kumpokea msemaji wa Moroni. Mjomba Hachim wengi wao walimjua kwa sifa tu, hawakuwahi kumwona.

Wakauona mharuma.

Mouridi akaja mbio mbio, akaushika mkono wa Mouzaoir kwa mikono yake miwili. "Karibu, bwana. Karibu sana."

"Huyu ni kaka yangu Mouzaoir," Charif akawahi kusema. "Mjomba amepata udhuru."

"Madhali mmekuja na mtu mzima mwingine, hakijaharibika kitu," akasema Mouridi.

Mouzaoir alifungua mdomo aseme kwamba hapana, yeye si mtu mzima, hii shali ni ya kuhifadhi tu. Haikutoka sauti. Mouridi aliona huo ni utulivu wa watu wakubwa, akazidi kumheshimu.

Mutsamudu mjini huendi na gari, vichochoro vyenyewe watu wawili hawapishani bila kugusana. Mouridi na wazee walitangulia. Charif akamfuata kaka yake nyuma, karibu kabisa, akimnong'oneza kisogoni.

"Kaka, usiivue."

"Naivua sasa hivi."

"Ukiivua watasema tumewaletea mzaha. Bila msemaji hawatatupokea. Moinahalima ataposwa na mwingine, wapo wanaongoja."

"Sina haki ya kusema, Charif. Unajua sina."

"Hapa nani anajua?"

"Wakijua Moroni watatutenga. Nyumba nzima. Tukifiwa hatapatikana wa kutusaidia kubeba jeneza. Umeona walivyomfanya yule wa mtaa wa juu?"

Charif alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasema Kifaransa kama maji, na siku zote alikuwa na jibu. 

"Nampenda, kaka," alisema tu.

Mouzaoir akaendelea kutembea.

Mlangoni pa nyumba ya akina Mouridi viatu vilikuwa vimepangwa, makubadhi na ndara za watu. Katikati yake palikuwa na jozi ya mabuti meusi, marefu, ya kijeshi. Mouzaoir alipoyaona alisimama. Alikuwa ameyaona mengine kama hayo gatini Moroni.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya kapteni wa mamluki," akajibu Mouridi kwa sauti ndogo. "Amesilimu, ameoa mtaa wa pili. Huja kila karamu. Hatujamwalika, lakini nani atamwambia arudi?"

Zoubeda alikuwa anaingia mlango wa wanawake. Alimwona mdogo wake amesimama pale kama mtu aliyesahau njia, akamvuta pembeni.

"Nisikilize. Anza na salawati. Wote wataitikia. Wakiitikia wewe vuta pumzi. Kisha tafuta uso mmoja usiokutisha, useme na huo. Wengine waache."

"Kama haupo?"

"Upo. Mimi Majunga niliombea watu maji mbele ya kundi lenye mapanga. Nilitafuta uso mmoja nikaupata. Ingia."

Akaingia.

Chumba kilijaa. Watu wote wamekaa mikekani, kapteni peke yake ndiye aliyekaa kwenye kiti. Alivaa kofia ya kushona kwa mkono, na Mouzaoir, kwa mazoea ya kazi, akaona imeshonwa vibaya. Kwa nukta moja hiyo hakuogopa. Kisha yule mzungu akageuza macho, na macho yenyewe yalikuwa meupe meupe kama ya samaki aliyechemshwa.

Mouzaoir alikalishwa karibu na mzee mmoja mwembamba aliyekuwa gatini, Fundi Soilihi, mwalimu wa Korani, ndiyo maana ya fundi kwetu, aliyesomesha watoto Moroni miaka mingi kabla ya kurudi kwao Mutsamudu. Mzee akautazama mharuma, akamtazama usoni, akautazama mharuma tena.

"Anda yako uliifanyia mtaa gani?" akamwuliza taratibu. "Maana mimi Moroni nimesoma dua katika nyingi. Uso wako naukumbuka, lakini naukumbuka umebeba sinia."

   Jasho lilimtoka Mouzaoir shingoni likaingia ndani ya shati ambalo bado lilikuwa na maji ya bahari.

Fundi Soilihi akangoja. Alipoona hajibiwi, akasogea karibu zaidi.

"Haya. La pili. Utakaposalimu, utamtaja kwanza nani? Ukimtanguliza huyu wa kwenye kiti mbele ya kadhi na masharifu, wazee wetu hawatakusamehe. Ukimweka nyuma, hatakusamehe yeye. Juzi, kijijini Patsy, mtu alimweka nyuma. Bado hajarudi kwake." Akajikohoza. "Sisi tunangoja tuone utafanyaje. Watu wa Ngazidja mna sifa ya maneno."

Na hapo Mouridi akainuka, akasema wageni wapewe nafasi.

Mouzaoir aliniambia hakumbuki alivyosimama. Anakumbuka yuko juu, na vichwa vyote viko chini, na kila kichwa kina macho.

Akaleta salawati. Sauti ilitoka nyembamba, ya kuku aliyekamatwa. Wakaitikia wote, chumba kikavuma. Akavuta pumzi kama alivyoambiwa.

Akatafuta uso. Wa kapteni, hapana. Wa kadhi ulikuwa umekunjamana. Wa Fundi Soilihi ulikuwa unangoja. Wa Mouridi ulikuwa na wasiwasi kuliko wake mwenyewe.  Mtu mmoja akakohoa. Kapteni akakunja mikono kifuani.

Mwisho wa chumba palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia wanawake. Chini ya pindo lake Mouzaoir aliona miguu, na sinia la kahawa limewekwa sakafuni, na mkono wa bibi mmoja wenye hina ukiligeuza ili vikombe visianguke. Ile kazi aliijua. Maisha yake yote karamuni alikaa upande ule, akipokea masinia kutoka kwa mikono kama ile. Akausahau uso. Akasema na ule mkono.

"Kwanza nawasalimu wenye nyumba," alisema.

Watu wakageuka kutazama pazia. Kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke, kila mtu anajua, lakini hakuna msemaji aliyepata kuanzia huko.

"Nakusalimu bibi mwenye nyumba hii, uliyeamka kabla ya adhana kuwasha moto. Nawasalimu mama zake Moinahalima waliopepeta mchele huu. Sisi wengine wote humu ndani, wakubwa na wadogo, wenyeji na wageni, tuliokaa chini na tuliokaa juu, ni wageni wenu. Mkitufukuza tutakwenda."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akacheka, kisha kikapigwa kigelegele kikafuatwa na kingine. Kadhi akatazama ndevu zake akitabasamu. Hakuna aliyetangulizwa, hakuna aliyewekwa nyuma. Fundi Soilihi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona ufunguo umeingia kwenye kufuli lisilo lake.

Mouzaoir hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anataka kumaliza tu.

"Nimekuja kumwombea ndugu yangu. Sifa zake sizijui kuzipamba. Akiumwa husema amechoka. Akichoka husema ana njaa. Akiwa na njaa hasemi kitu, hukaa kimya anawasomea watoto wa watu. Moinahalima akimchukua, asimsikilize kinywa, amtazame sahani. Mengine atayaona mwenyewe. Mimi nimemaliza."

Akakaa. 

"Tumekubali," sauti ya bibi ikasema kutoka nyuma ya pazia, hata Mouridi hajafungua mdomo.

"Mama, mimi ndiye baba," Mouridi akasema.

"Basi kubali."

Chumba kizima kikacheka, na Mouridi akakubali, na Fatiha ikasomwa. Charif alikuwa anafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Hapo ndipo ikasikika sauti ya makofi.

Kwetu mtu akisema vizuri huombewa dua. Hapigiwi makofi. Kapteni alikuwa anapiga peke yake, polepole, amekaa kwenye kiti chake. Kicheko kikakatika. Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kupiga naye, kisha wa pili, mpaka wazee wa Mutsamudu wote, kadhi pia, wakawa wanapiga makofi, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha.

Kapteni alipoacha, wakaacha. Akamwita Mouzaoir kwa kidole.

Walitoka uani. Kapteni alisema Kifaransa, na Charif akaitwa atafsiri. Mouridi alifuata nyuma, kwa sababu ni nyumba yake, na Kifaransa alikijua kwa ajili ya biashara.

"Anasema umemfurahisha," Charif akatafsiri. "Anasema ametafuta mtu kama wewe muda mrefu."

Mouzaoir akatazama chini.

"Anasema Ijumaa hii, baada ya sala, kutakuwa na mkutano Moroni, uwanjani mbele ya msikiti. Anasema watu wa Moroni wakisemeshwa na wazungu hununa. Wanataka kusemeshwa na mtu wao. Anasema," Charif akamtazama kaka yake, "anasema utakuwa wewe."

"Mwambie siwezi."

Charif akamwambia. Kapteni akacheka kidogo, akasema tena, na safari hii Charif alichelewa kutafsiri.

"Anauliza yule mzee aliyeshushwa gatini ni nani yako."

Mouzaoir akahisi uani mle jua limezimwa. "Mwambie ni mjomba wangu."

"Anasema anajua. Anasema ukisema vizuri Ijumaa, Ijumaa hiyo hiyo mjomba atakula chakula cha jioni nyumbani kwake. Na usiposema, yeye hana haraka."

Kisha kapteni akashika ncha ya mharuma kwa vidole viwili, akauliza swali fupi. Swali hilo Charif hakulitafsiri. 

"Anauliza nini?" Mouzaoir akasema.

"Anauliza kama wewe ni katika wale wenye ruhusa ya kusema uwanjani. Anasema amesikia Moroni kuna sheria hiyo. Hataki kuleta mtu atakayezomewa."

Ndugu wawili wakatazamana. Mouzaoir alikuwa anamwomba kwa macho: sema hapana. Neno moja hilo lingemwokoa. Lakini Mouridi alikuwa amesimama pale pale, hatua chache, anasikia na anaelewa. Hapana hiyo ingemwambia baba wa msichana kwamba binti yake ameombwa na mtoto wa mji aliyevaa shali ya mtu mwingine.

"Wi," Charif akasema. Ndiyo.

Kapteni akampiga Mouzaoir bega, akaenda kuvaa mabuti yake.

Chombo cha kurudi Moroni kiliondoka kesho yake baada ya alfajiri. Askari mmoja mweusi wa kapteni alipanda nao, hakusema kwa nini. Zoubeda alipoelezwa aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, kisha akamtazama Charif.

"Umepata mke," alisema. "Sasa usinisemeshe mpaka nikuanze mimi."

Akampa kisogo. Lakini mkono wake aliuacha juu ya goti la Mouzaoir.

"Nikisema," Mouzaoir akamwambia, "mji unanitenga na nyinyi nyote. Nisiposema, mjomba harudi."

"Nimesikia."

"Nifanyeje, dada?"

"Ningejua ningekuwa nimekwambia jana."

Jua lilipopanda, na bahari siku hiyo ilitulia, watu walianza kulala mmoja mmoja juu ya magunia ya karafuu. Charif alilala kwa uchungu, kajikunja. Askari alilala na bunduki mapajani. Mouzaoir alikaa akijaribu kuleta salawati kimoyomoyo, na hata kimoyomoyo sauti ilikuwa nyembamba.

"Utaanzia wapi Ijumaa?" mtu akamwuliza. "Uwanjani pale hamna pazia."

Alikuwa Fundi Soilihi, amekaa kwenye kivuli cha turubai. Binti yake alikuwa amejifungua Moroni, anakwenda kumwona mjukuu.

Mouzaoir akamsogelea. Na hapo, aliniambia, alisema bila kushurutishwa na mtu, kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote.

"Fundi, anda yangu huikumbuki kwa sababu haikuwako. Huu mharuma si wangu."

"Najua."

"Ulijua tangu jana?"

"Tangu gatini. Nilinyamaza kwa ajili ya binti wa Mouridi, na kwa sababu ulisema vizuri." Mzee akajitandikia kikoi, akalala chali, akaweka mkono juu ya macho. "Lakini Ijumaa mimi ndiye nitakayesoma dua ya kufungua mkutano. Watu wa kapteni wameniitia hilo. Na Moroni kabla msemaji hajasimama, msoma dua huulizwa mbele ya watu wote kama msemaji huyo ana haki. Ndiyo desturi yenu, si yetu."

"Utajibu nini, fundi?"

 Mzee alipiga mwayo.

"Nimesomesha watoto miaka yangu yote wasiseme uongo karibu na msikiti," akasema kwa sauti ya usingizi. "Na mjomba wako Hachim ni rafiki yangu. Niache nilale kidogo."

Akaanza kukoroma.

Mouzaoir alimgeukia Zoubeda ampelekee maneno hayo. Zoubeda naye alikuwa amelala, mdomo wazi, ule mkono wake umeanguka juu ya gunia. Hakumwamsha. Alikaa akiutazama mlima wa Ngazidja ukipanda kidogo kidogo mbele yao, akitamani usiongezeke. Macho aliyoyakodoa tangu juzi yakaanza kumchoma, akayafumba ayapumzishe tu, na kichwa kikamwangukia kifuani.